Programu Inayojua Kunyamaza: Namna ya Kupima Kifuatiliaji cha Anime

Mpenzi wa anime hufika mahali kichwa kikashindwa kubeba hesabu. Naruto ya kwanza ina episodi 220, Shippuden iliyofuata ina 500, One Piece ilianza Oktoba 1999 na mwaka 2021 ikavuka episodi ya 1,000, na hapo hujagusa zile za msimu huu zinazotoka moja kila wiki. Ndiyo sababu watu hutunza orodha ya wanachoangalia kwenye tovuti kama MyAnimeList, AniList au Kitsu. Na kwa kuwa kuisahihisha orodha kwa mkono kila usiku kunachosha, zimeandikwa programu za kompyuta ambazo huangalia unacheza video gani, hutambua ni anime ipi na episodi ya ngapi, kisha huiandika zenyewe. Kwenye Windows, iliyozoeleka ni Taiga. Kwenye Linux ni Trackma. Zote mbili ni programu huria, hazidai senti.

Siku ya kwanza programu za aina hii zote hupendeza. Unafungua faili, baada ya dakika chache arifa inatokea pembeni mwa skrini, na namba kwenye orodha inapanda. Ubora wake hujulikana baadaye, unapokuta orodha inasema umemaliza msimu ambao hujauanza, au imekurudisha episodi ya 3 wakati ulishafika ya 30. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: isipokuwa na uhakika, inafanya nini? Ile inayonyamaza au kuuliza ni ya kuaminika. Inayobahatisha iache, hata ikiwa na sura ya kuvutia. Episodi isiyoandikwa utaigundua keshoye, maana orodha itakuwa nyuma yako. Iliyoandikwa mahali pasipo pake inaweza kukaa miaka bila wewe kujua.

Kazi ngumu kuliko zote ni kusoma jina la faili. Chukua jina kama hili:

[Kundi] Mob Psycho 100 - 05v2 (1080p) [3F9A27C1].mkv

Aliyezoea hulisoma mara moja. Programu lazima ijue kwamba mabano ya mwanzo yana jina la kundi lililotayarisha faili, kwamba 100 ni sehemu ya jina la anime wala si episodi ya mia, kwamba 05 ndiyo episodi, v2 ni toleo la pili lililosahihishwa, 1080p ni ubora wa picha, na zile alama nane za mwisho ni CRC32, msimbo wa kuhakikishia kuwa faili halijaharibika njiani. Tazama vizuri: ndani ya msimbo huo mna 27. Programu iliyoandikwa kwa haraka huiokota 27 hiyo ikadhani ndiyo episodi.

Taiga hutumia maktaba ya msimbo iitwayo Anitomy, iliyoandikwa mahususi kwa kazi hii moja. Hulikata jina vipande kwa kufuata mabano, nafasi na vistari, hutambua kwanza vile vinavyojulikana, mathalani ubora wa picha na aina ya sauti, hutafuta namba ya episodi, na kilichobaki ndicho hukichukua kuwa jina. Mpangilio huo ndio siri yake. Anayeanza kwa kutafuta namba kabla hajaondoa takataka hawezi kufika mbali.

Ukitaka kuijaribu programu kwa dakika moja, tengeneza nakala ya faili lolote la video na ulipe jina "86 - 12". Kuna anime ya mwaka 2021 inayoitwa 86. Mtihani huu una ngazi mbili. Ya kwanza ni kutambua kwamba 86 ni jina na 12 ni episodi. Ya pili ni ngumu zaidi: sehemu ya kwanza ya 86 ina episodi 11 tu, na MyAnimeList imeiandika sehemu ya pili peke yake, ikianza tena na namba moja. Lakini watayarishaji wengi wa mafaili huendelea kuhesabu moja kwa moja. Kwa hiyo "86 - 12" ni episodi ya 1 ya sehemu ya pili. Programu mbovu itaandika 12 kati ya 11, au itaiongeza kwenye sehemu ya kwanza na kuitangaza imekamilika. Programu nzuri huhamia sehemu ya pili. Ya wastani, ambayo bado naiheshimu, hukwambia kwamba namba haiingii na kukuuliza ufanyeje.

Hali hiyo iko kila mahali. Shingeki no Kyojin, wengi tunaiita Attack on Titan, ina episodi 25 katika msimu wa kwanza wa 2013, kwa hiyo faili lenye namba 26 ni mwanzo wa msimu wa pili wa 2017. Msimu wa tatu umegawanywa vipande viwili, na ule wa mwisho ukagawanywa pia. Hakuna akili ya programu inayoweza kuyabuni haya yenyewe. Lazima mtu ayaandike. Taiga ina faili la maandishi matupu linaloorodhesha mahusiano ya aina hii, mstari kwa mstari: anime hii, kutoka episodi hii hadi ile, hamishia kwenye anime ile, kuanzia namba fulani, na kila anime inatajwa kwa namba zake za MyAnimeList, Kitsu na AniList. Mimi nalipenda faili hilo kuliko kitu kingine chochote ndani ya programu. Ni kazi ya subira, ya watu walioangalia, wakahesabu, wakaandika ili mwingine asihangaike.

Kuna majina ambayo hata faili hilo haliwezi kuyaokoa. Hunter x Hunter ilitengenezwa mwaka 1999 ikawa na episodi 62, ikatengenezwa upya 2011 ikawa na 148. Faili lililoandikwa "Hunter x Hunter - 40" linaweza kuwa la yoyote kati ya hizo. Programu yenye busara hutazama orodha yako: ikiwa unaangalia ya 2011 na umefika 39, jibu limepatikana. Ikiwa hakuna hata moja kwenye orodha, inapaswa kuuliza na kusubiri. Ikichagua yenyewe kwa sababu moja ni maarufu zaidi, hapo imeshindwa mtihani.

Wapo waliochukua njia tofauti kabisa. Hifadhidata ya AniDB hulitambua faili kwa yaliyomo: hupigwa hesabu iitwayo ed2k juu ya faili zima, matokeo yakalinganishwa na yaliyosajiliwa, na jina halina kazi tena. Faili likiwa limesajiliwa, utambuzi wake ni wa uhakika kuliko wa jina lolote. Lakini baiti moja ikibadilika, hesabu hubadilika yote. Kwetu Afrika Mashariki, ambako mafaili hupita mkono kwa mkono kwenye flashi na diski ngumu, na mengi yamebanwa upya ili yapungue ukubwa, njia hiyo hukwama mapema. Faili limefika limeitwa "ep 05.mp4", limo ndani ya folda yenye jina la anime. Kwa mazingira hayo kipimo ni rahisi: je, programu inapanda juu kusoma jina la folda? Isiyoweza haitakufaa, na ubora wake mwingine hautakusaidia kitu.

Usisahau vitu visivyo episodi. Nyimbo za kufungulia na kufungia zisizo na majina ya watengenezaji, ambazo mafaili yake huandikwa NCOP na NCED, hazipaswi kuhesabiwa. Shingeki no Kyojin ina 13.5, ambayo ni muhtasari. Isigeuke kuwa 13 wala 14.

Baada ya kusoma huja kusikiliza, yaani programu inajuaje kwamba video inachezwa. Zipo zinazosoma maandishi ya juu ya dirisha la kichezeo, yaani programu ya kuchezea video. Zipo zinazoangalia kichezeo kimefungua faili gani kwenye diski. Trackma huweza pia kupewa habari na Linux yenyewe faili linapofunguliwa, au kukiuliza kichezeo moja kwa moja. Kusoma dirisha ndiyo njia dhaifu kuliko zote. VLC, kwa mfano, huweza kuonyesha juu ya dirisha jina lililofichwa ndani ya faili badala ya jina la faili lenyewe, na jina hilo la ndani mara nyingi ni tangazo la tovuti fulani. Kwenye kivinjari hali ni tete zaidi, kwa sababu programu hutegemea jina la kichupo au anwani, na tovuti ikibadilisha mpangilio wake utambuzi hukatika siku hiyohiyo. Kwa hilo siilaumu programu. Ninachoangalia ni kama naweza kuchagua tovuti zipi itazame na zipi izipuuze.

Muda nao una siri zake. Episodi ya runinga huchukua kama dakika 24, na wimbo wa kufungulia sekunde 90. Programu inayoandika kabla wimbo huo haujaisha itahesabu hata faili ulilolifungua kukagua manukuu. Inayosubiri hadi mwisho kabisa itawakosa wote wanaofunga video wimbo wa kufungia unapoanza, na hao ni wengi. Mahali pazuri, kwa maoni yangu, ni baada ya nusu, tena mtumiaji awe na uwezo wa kupabadilisha na wa kusitisha kabla hapajafikiwa. Fanya jaribio hili: fungua episodi, isimamishe sekunde ya 30, nenda kapike chai. Ukirudi ukaikuta imeandikwa, ujue programu inahesabu muda ambao faili limekuwa wazi, haijali kama umetazama.

Wanaorudia kuangalia wanahitaji uangalifu zaidi. Ukifungua episodi ya kwanza ya kitu ulichokwisha kukimaliza, namba isishuke kutoka 64 hadi 1. Programu iulize kama unaanza upya, na ihifadhi tarehe za mara ya kwanza. Alama nazo ni za kuangaliwa ukihama: AniList hukuruhusu kutoa alama kwa mia, MyAnimeList kwa kumi, kwa hiyo 87 yako itageuka 9 na haitarudi kuwa 87.

Kama bando lako huisha katikati ya wiki, angalia foleni. Taiga na Trackma huyaweka mabadiliko kwenye kompyuta na kuyatuma mtandao ukirudi. Zima intaneti, angalia episodi kadhaa, washa. Zote zifike, kwa mpangilio, na tarehe ya kumaliza iwe ile uliyomaliza kweli.

Programu makini hujua pia episodi ngapi zimeshatoka, ili isomapo namba 12 kwenye anime iliyofika ya 7 isite. Hapa ratiba huchanganya, kwa kuwa vituo vya Japani huandika vipindi vya usiku mkubwa kwa saa zinazovuka 24: Jumamosi saa 25:30 ni Jumapili 01:30 kwa saa za Tokyo. Kwetu bado ni Jumamosi, saa 1:30 usiku. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, nasi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kwa hiyo akrabu za Tokyo huonyesha saa ileile tunayoitaja kwa Kiswahili. Programu yenyewe ifuate saa ya kompyuta yako.

Kuhusu usalama sitakuwa na maneno mengi. Programu ikupeleke kwenye kivinjari ukaingie kwenye tovuti yenyewe, irudi na kibali ambacho unaweza kukifuta, kuliko kukuomba nenosiri. Na isifungwe na huduma moja. Mwezi Mei 2018 MyAnimeList ilisimama kwa matengenezo ya usalama, na API yake, mlango unaotumiwa na programu za nje, ikazimwa. Vifuatiliaji vilivyoijua MyAnimeList peke yake havikuwa na pa kupeleka kitu. Vilivyojua pia AniList au Kitsu viliendelea na kazi. Baadaye API mpya ilikuja, lakini wapo waliokwisha kuhama.

Ukiniuliza leo, mwenye Windows nitamwambia achukue Taiga, awashe mpangilio wa kuombwa idhini kabla ya kuandika, na auache hivyo mpaka mafaili yake yote ya ajabu yameshapita. Wa Linux achukue Trackma. Kabla ya yote toa nakala ya orodha yako. MyAnimeList huitoa kama faili la XML, na AniList hulipokea. Na ukikutana na jina lililosomwa vibaya au msimu uliohamishiwa kusiko kwake, usilirekebishe kwako tu ukanyamaza. Lile faili la mahusiano liko wazi mtandaoni, nalo hukua kwa mistari inayoletwa na watumiaji. Peleka wa kwako.