Daftari la Morebath

Katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, pembezoni mwa nyanda za Exmoor, iko parokia ya wafugaji wa kondoo iitwayo Morebath, ambayo katika karne ya 16 ilikuwa na kaya thelathini na kitu tu, wala isingalijulikana na ulimwengu lau si ukatibu wa kasisi wake, Christopher Trychay, aliyeihudumia tangu mwaka 1520 hata alipofariki mwaka 1574. Kutunza hesabu za kanisa ilikuwa ada ya parokia nyingi, bali Trychay aliziandika kama mtu asemezanaye na jamaa zake, maana zilisomwa kwa sauti mbele ya umma, na ndani yake twasikia nani amekabidhiwa kondoo wa kanisa, nani ametoa mizinga ya nyuki.

Stahiki yake kubwa kwangu ni uaminifu wakati wa dhiki. Mavazi meusi ya ibada ya wafu, aliyoyawekea akiba kwa miaka 20 hivi, yalipatikana mwaka 1547, na punde serikali ya Mfalme Edward wa Sita ikaibatilisha ibada yenyewe. Mwaka 1549 parokia iligharimia vijana watano waende kambi ya waasi waliopinga mabadiliko hayo ya ibada, karibu na Exeter, na gharama hiyo ya hatari nayo imo daftarini. Alipotawala Malkia Mary na kuirudisha ibada ya kale, wanaparokia walivirejesha vyombo na mapambo waliyokuwa wameyasitiri majumbani, naye Trychay, kwa furaha isiyofichika, akayaandika hayo.