Sanduku Dogo, Uzi Mfupi

Katika maduka mengi ya vyombo vya muziki, magitaa makubwa hutundikwa mbele, na madogo husukumwa pembeni karibu na filimbi za plastiki za wanafunzi. Ukilishika dogo, muuzaji atakuuliza mtoto ana miaka mingapi. Simlaumu. Jicho limezoea gitaa lenye kifua kipana, na mtu mzima akionekana na fupi hudhaniwa ameliazima kwa mwanawe.

Lakini kubwa ndilo geni. Christian Friedrich Martin, fundi wa Kijerumani aliyehamia New York mwaka 1833, alitengeneza magitaa ambayo leo tungeyaita ya safari. Saizi yake namba 2, yenye upana wa milimita 305 hivi pale chini panapotanuka, lilikuwa gitaa la kawaida la mtu mzima. Lile pana tunalolijua sote, lenye kiuno kisichobonyea sana na upana wa karibu milimita 397, lilitoka karakana hiyohiyo mwaka 1916, tena kwa oda ya kampuni nyingine, likapewa jina la manowari ya Kiingereza, Dreadnought. Martin wenyewe walianza kuliuza kwa jina lao mwaka 1931. Waimbaji wa wakati huo walikuwa wanatafuta kelele: ukumbi umejaa, kipaza sauti hakuna, na banjo iko pembeni inawafunika. Gitaa likanenepa kwa sababu hiyo, na sababu ilipokwisha halikupungua tena.

Ndiyo maana sipendi maneno ya "gitaa lililopunguzwa". Anayelitengeneza dogo vizuri hapunguzi kubwa. Anafanya kazi ya zamani, na ni kazi ngumu. Antonio de Torres, fundi wa Kihispania ambaye umbo la gitaa la klasiki la leo limetoka mikononi mwake, mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu. Uso peke yake ndio wa mbao. Gitaa hilo bado lipo, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki Barcelona. Torres alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka usoni, na hizo mbavu ni za kuushikilia uso na kuizingira hewa. Mtu anayekwenda dukani na pesa za kuhesabu alikumbuke jambo hilo kabla hajaanza kusifia rangi ya mgongo.

Uso wa gitaa la nyuzi za chuma huwa na unene wa milimita mbili na nusu hadi tatu hivi. Fundi huupiga randa, huugonga kwa kifundo cha kidole, husikiliza, kisha hurudia. Ubao mdogo hutikisika kwa shida kuliko mpana wenye unene uleule, kwa hiyo itabidi aupunguze zaidi, na yale mataruma anayoyagandisha kwa ndani ayachonge yawe membamba pembezoni. Akiogopa, gitaa litatoa sauti ya mlango wa kabati. Akizidisha, nyuzi zitamwonyesha: kwenye gitaa la kawaida nyuzi sita za chuma huvuta kwa pamoja kwa nguvu inayopita kilo 70, usiku na mchana, hata likiwa kwenye mkoba. Baada ya mwaka mmoja au miwili uso hufura nyuma ya daraja, nyuzi zikawa juu, na kidole kikaanza kuuma. Kati ya woga na pupa pana nafasi ya sehemu ndogo ya milimita, na haionekani kwa macho. Mashine inaweza kukata mbao mia moja kwa unene mmoja, ila miti miwili haifanani, hata iliyokua bega kwa bega. Fundi mzuri anajua ubao huu unataka kuachwa na ule unataka kupigwa randa mara moja tena. Kazi hiyo ndiyo ninayoisifu, ingawa mnunuzi wa gitaa la safari huilipa mara chache kwa sababu bei ya magitaa haya hairuhusu saa nyingi za mkono wa mtu.

Nyuzi nazo zina habari yake. Kwenye gitaa kubwa, kipande cha uzi kinacholia, kutoka mfupa wa shingoni hadi mfupa wa darajani, kina urefu wa milimita 645 hivi. Kwenye magitaa ya safari yanayojulikana sana, Little Martin na Baby Taylor, ni kati ya 578 na 584. Tofauti ya vidole vitatu, utasema. Ila mvuto wa uzi hubadilika kwa mraba wa urefu: uzi uleule, kwa noti ileile, ukiufupisha kutoka 645 hadi 584 unapoteza karibu asilimia 18 ya mvuto wake. Uzi unalegea. Unaukandamiza kidogo tu na noti inapanda; unaucharaza kwa nguvu na unagonga freti. Watu husema gitaa dogo halikai kwenye sauti, na kumbe mara nyingi gitaa halina kosa, limevishwa nyuzi nyembamba za gitaa kubwa. Taylor walipotoa GS Mini mwaka 2010, yenye urefu wa milimita 597, waliivika nyuzi nene kuliko zile za kawaida, na walifanya vyema.

Kuna dawa nyingine, na mimi naipenda zaidi. Funga kapo, kile kibano cha shingoni, kwenye freti ya pili ya gitaa kubwa, kisha pima uzi uliobaki: milimita 575 hivi. Yaani gitaa la safari ni gitaa kubwa lililokwisha kufungwa kapo. Basi liache lilie pale linapotaka. Likaze noti nzima juu ya kawaida, na mvuto wa nyuzi unarudi karibu palepale ulipozoea. Vidole vinapiga maumbo yaleyale, sauti inatoka juu kidogo, na ule ulegevu unakwisha. Yamaha kwenye kile kigitaa chao cha milimita 433, Guitalele, hawakuona haya: wamekipandisha noti mbili na nusu na hawakujifanya kuwa ni gitaa la kawaida. Mwimbaji mwenye sauti nzito atalalamika. Wengine tutaimba.

Kuhusu besi sitamdanganya mtu. Uzi mnene wa chini, ukiwa wazi, hutikisika mara 82 kwa sekunde. Hewa iliyomo ndani ya gitaa kubwa huitikia vizuri kwenye mitikisiko kama 100, karibu kabisa na uzi huo, na ndipo lile vuguvugu tunalolisikia tumboni linapotoka. Sanduku likiwa dogo, mwitikio huo hupanda, na noti za chini kabisa hubaki bila wa kuzisindikiza. Hakuna fundi atakayeishinda hesabu hiyo. Anachoweza ni kuamua kilichobaki kiwe safi: noti za kati zitoke wazi, kila moja na mahali pake, zisigandane.

Na muziki wa noti za kati tunao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, Katanga. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, viwili tu, na kutoka hapo zikatoka sauti mbili zinazopishana, moja ikiuliza huku nyingine imeshaanza kujibu. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka, naye mwaka 1969 akafika hadi tamasha la Newport, Marekani. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi na wenzake wa mtindo wa omutibo nao walikuwa na gitaa moja kavu, na pembeni mtu anaikwaruza chupa ya Fanta kwenye mistari yake. Sikiliza rekodi hizo utafute besi nzito. Haipo, na hakuna aliyeikosa. Gumba linapiga noti fupi kavu na kuondoka, nafasi inabaki wazi, chupa inaingia. Gitaa la kifua kipana lingeijaza nafasi hiyo kwa mvumo. Sisemi kwamba wapigaji wale walichagua sanduku kwa hesabu; walipiga walichokipata. Mkono wao ndio uliojifunza kutumia kilichopo, na mtu anayetaka kuucheza muziki ule safarini hapotezi kitu kwa kubeba dogo.

Walichokipata, mara nyingi, kilikuwa Gallotone ya Afrika Kusini, gitaa la bei nafuu lililosambaa kusini na kati mwa Afrika na kufika hadi huku kwetu. Mojawapo, aina ya Champion, saizi ya robo tatu, lilifika kwa posta Liverpool mwaka 1957 mikononi mwa John Lennon, na mwaka 1999 likauzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 150,000. Ndani yake palibandikwa ahadi ya mtengenezaji kwamba halitapasuka. Ahadi hiyo haikuwa majivuno matupu, maana lilikuwa la mbao za kugandishwa tabaka juu ya tabaka, yaani plaiwudi, na mbao za namna hiyo hazipasuki kirahisi.

Wajuzi huidharau plaiwudi. Sauti yake ni butu kweli, siwapingi. Ila wajuzi wengi hukaa nyumbani. Ubao mmoja mzima hunywa unyevu na kutanuka kuvuka nyuzinyuzi zake, na ukikauka hunywea. Litoe gitaa Mombasa asubuhi, jasho likikutoka, ulifikishe Nairobi, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, au ulipandishe kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma wakati wa kiangazi. Uso unazama, ncha za freti zinachomoza pembeni mwa shingo na kukwaruza kiganja, na siku mbaya unasikia mlio mmoja mkali ndani ya mkoba. Ndiyo maana napendekeza njia ya kati: uso wa ubao mzima, kwa heshima ya Torres, na mgongo na mbavu za tabaka. Kuna pia magitaa yaliyoundwa kwa nyuzinyuzi za kaboni, yasiyojua mvua wala jua. Nimeyapiga. Yanalia vizuri, na usiku ukiyagusa ni ya baridi. Kwa anayelala kwenye mashua, ningesema achukue hilo bila kufikiri.

Mgongo wa mpingo usikutamanishe. Ni mti wetu, ni fahari ya karakana za zumari duniani kote, lakini unazama majini kwa uzito na gitaa la safari linabebwa begani. Mpingo na jamaa zake waliwekewa masharti ya kuvuka mipaka tangu Januari 2017, vyombo vya muziki vilivyokamilika vikalegezewa mwishoni mwa 2019.

Wapo waliofika mbali zaidi katika kulikata sanduku. Backpacker ya Martin imebakiziwa kifua chembamba mithili ya kafi, na mwaka 1994 ilipanda angani ndani ya chombo cha Columbia. Bila mkanda hailali pajani, na sauti yake ni ya mtu anayenong'ona chumba cha pili. Naistahi kwa ujasiri wake, siinunui. Kwenye kituo cha anga za juu, tangu 2001, wanaanga wanakaa na gitaa dogo la Larrivée lenye umbo la gitaa, na mwanaanga Chris Hadfield alipoimba huko mwaka 2013, alipiga hilo.

Dukani, basi, kaa chini. Usianze na wimbo unaoujua, utajisikiliza mwenyewe. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, usikie ule mlio wa kengele, kisha ukandamize palepale. Noti mbili hizo zikiachana, mfupa wa darajani umekaa vibaya au nyuzi hazikufaa. Sababu ya pili inatibika kwa bei ya nyuzi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza: ukihisi unasukuma mlango, mfupa wa shingoni uko juu, na fundi atausugua kwa tupa ndani ya dakika chache. Tazama uso kwa ubavu, dhidi ya mwanga, uone kama umefura. Halafu mpe mwenzako alipige, wewe usimame mbele, kwa sababu tundu la sauti halimtazami mpigaji.

Urefu wote wa gitaa la safari ni kama sentimita 86, dhidi ya mita moja na zaidi ya gitaa kubwa. Linaingia juu ya viti vya treni ya Mombasa, na kwenye ndege mara nyingi litapita ukiwa mpole kwa mhudumu wa mlangoni. Kwenye basi likatae buti kabisa, maana buti lina joto la injini na gundi ya daraja hulainika kwa joto; gitaa lipakate. Legeza nyuzi noti moja au mbili, usizitoe zote, shingo imeshazoea kuvutwa. Na mfukoni mwa mkoba weka seti ya nyuzi nene, zile za unene namba 13, maana mjini utapata za 10 na 11 tu, na muuzaji ataapa kwamba ni zilezile.