Liemba ya sentimita 48 na hewa ya Uvira

Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, meli ya Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira katika muda wa miezi mitano, ikirudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000. Kwa hiyo kwenye ufuko huu wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, Liemba si jina la kwenye vitabu tu. Mpenzi wa kuunda meli ndogo za mfano akitafuta ya kuanzia, ana sababu zote za kuichagua hii: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako ilishushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, baada ya kupaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya.

Kukata mbao au plastiki na kuunganisha modeli ya meli hiyo ni kazi ya subira na mikono. Ugumu wa namna nyingine huanza kwenye rangi. Brashi ya kawaida huacha michirizi ambayo kwenye meli halisi ingekuwa na unene wa kiganja, ndiyo maana waundaji wa modeli hupuliza rangi kwa brashi ya hewa na kompresa ndogo. Kupulizia uani hakufai sana Uvira: wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huinua vumbi, na chembe moja ikinasa kwenye rangi mbichi inabidi kusugua na kuanza upya. Kazi inahamia chumbani, na humo ndimo hatari ilimo.

Mwaka 1888 daktari mmoja wa Toledo, Marekani, Allen DeVilbiss, alitengeneza kifaa cha kurushia dawa kooni mwa wagonjwa kwa matone madogo. Familia yake baadaye iligeuza wazo hilo kuwa bunduki ya kupulizia rangi, na jina lao bado liko kwenye bunduki za gereji duniani kote. Chombo kilichozaliwa ili kufikisha dawa kooni hufikisha na rangi huko huko. Matone makubwa huanguka mezani au hunaswa puani, lakini yale yaliyo chini ya maikroni 5 hivi hufika ndani kabisa ya mapafu. Juu ya hayo kuna mvuke wa tina, ambao barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiuzuii hata kidogo. Unaouzuia ni mkaa maalumu ulio ndani ya vichujio vya barakoa ya mpira. Rangi ya maji hupunguza mvuke, ila ukungu wake una chembe zile zile.

Dawa ya yote hayo ni sanduku lililo wazi mbele, lenye kichujio nyuma, feni, na bomba la kutoa hewa nje. Wengi huanza kwa kununua feni. Hesabu inataka mtu aanze na meli.

Liemba ina urefu wa mita 71. Kwa skeli ya 1/100, modeli inakuwa na sentimita 71, na sanduku la kuitosha, pamoja na nafasi ya mkono, linahitaji mdomo wa sentimita 90 kwa 45. Ili ukungu usirudi usoni mwa mpulizaji, kipimo kilichozoeleka viwandani ni hewa kuingia mdomoni kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde. Zidisha eneo la mdomo kwa kasi hiyo: feni lazima ivute mita za ujazo 729 kwa saa. Punguza skeli hadi 1/150 na mambo yanabadilika. Meli inakuwa na sentimita 48, mdomo wa 60 kwa 40 unatosha, na hewa inayohitajika inashuka hadi mita za ujazo 432 kwa saa. Uamuzi huo mmoja, uliofanywa kabla ya kukata ubao wa kwanza, umepunguza mzigo wa feni kwa asilimia 40. Kwa chumba cha kawaida cha mitaa ya Mulongwe au Kasenga, skeli ya 1/150 ndiyo ya busara.

Bomba ndilo linaloharibu masanduku mengi yaliyojengwa vizuri. Bomba la PVC la milimita 110, lile la maji machafu, linapatikana kirahisi na ni rahisi kulipitisha dirishani. Lakini mita 432 kwa saa zikilazimishwa kupita humo zinakwenda kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde. Katika bomba la milimita 160 kasi ni chini ya mita 7. Msukumo unaopotea kwenye kila kona na kila mdomo wa bomba hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo bomba jembamba linaidai feni nguvu zaidi ya mara nne kwa hewa ile ile. Bomba la mikunjo, lile linalojivuta kama akodioni, ni baya zaidi, kwa sababu kila mkunjo unaikwaruza hewa njiani. PVC ya 160, fupi, yenye kona moja tu, hushinda feni ghali iliyofungwa kwenye bomba jembamba.

Sasa feni. Kishawishi kikubwa ni feni za kompyuta zilizochakaa, kwa kuwa zinatumia volti 12 na mota zake hazina brashi za kaboni zinazotoa cheche. Feni moja ya sentimita 12 inaweza kusogeza mita za ujazo 100 kwa saa ikiwa hewani, bila kizuizi, na mtu anaweza kudhani kwamba tano zikipangwa pamoja kazi imekwisha. Kosa liko kwenye msukumo. Feni zikipangwa ubavu kwa ubavu huongeza wingi wa hewa, haziongezi nguvu ya kusukuma, na feni ya aina hiyo huishia kwenye paskali 20 au zaidi kidogo. Kichujio peke yake kinaweza kula kiasi hicho.

Na Uvira kuna mpinzani mwingine ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji. Mji umebanwa kati ya ziwa upande wa mashariki na milima ya Mitumba upande wa magharibi. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea milimani, usiku hugeuka. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukipiga mdomo wa bomba ana kwa ana, kwa mwinuko huu wa mita 770 na ushei, huleta msukumo wa paskali 13 hivi. Maana yake ni kwamba kwenye dirisha linalotazama ziwa, saa tisa alasiri, upepo mtupu unameza zaidi ya nusu ya nguvu ya feni ya kompyuta kabla kichujio hakijaanza kudai chake. Harufu ya tina inarudi chumbani na mpulizaji analaumu feni.

Masuluhisho ni mawili, na yote yafanyike. Kwanza, feni iwe ya gurudumu lenye mapanga madogo mengi, ile inayovuta hewa katikati na kuirusha pembeni, kwa kuwa hiyo ndiyo inayomudu paskali 100 na zaidi bila kulegea. Pili, bomba litokee upande wa milimani, mdomo wake ukiinamishwa chini ili mvua isiingie. Mchana upande huo umekingwa na nyumba yenyewe, na upepo wa ziwa ukipita juu na kando yake husaidia kuvuta. Asiye na dirisha upande huo apulizie asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujapata nguvu.

Kuna jambo ambalo mafundi husahau mara nyingi kuliko yote: hewa ikitoka, lazima nyingine iingie. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dari la mita 2.8, kina mita za ujazo 25. Feni yetu inakimaliza mara 17 kwa saa. Mlango ukifungwa kabisa, feni hulia bure na hewa husimama; mwanya wa sentimita 6 kwa urefu wote wa mlango unatosha kuilisha. Lakini hewa hiyo inatoka wapi? Ikiwa upande wa pili wa mlango kuna mbabula inayowaka makaa, feni itaivuta monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu, hadi chumbani, na kama watoto wanalala njiani itawapitia wao kwanza. Mbabula itoke nje kabla feni haijawashwa. Hapo hakuna la kujadili.

Moto wenyewe unahofiwa kuliko hesabu inavyoonyesha, angalau kwa brashi ya hewa. Mililita 2 za tina kwa dakika zikigeuka mvuke zinatoa chini ya lita moja, nazo zinachanganyika na lita 7,200 za hewa zinazopita sandukuni. Hicho ni kiwango cha mara 100 hivi chini ya asilimia 1, ambapo mvuke wa tina ya toluini huanza kukaribia hatari ya kulipuka. Kopo la kupulizia ni habari nyingine. Hutoa mara nyingi zaidi kwa dakika, na sehemu kubwa ya kinachotoka ni gesi ya kusukumia rangi, mara nyingi butani na propani, zile zile za kupikia. Ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni zikitafuta mshumaa. Makopo yabaki nje. Vivyo hivyo rangi za magari zinazochanganywa na hadina: nyingi zina isosianati, inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya mkaa si kinga ya kutegemewa dhidi yake.

Umeme wa shirika la SNEL kutoka mabwawa ya Ruzizi hukatika, na feni ikizimika katikati ya kazi hatua ni moja: kufunika kikombe cha rangi na kutoka. Anayemudu betri ya volti 12 ya saa-ampea 100, akitumia nusu ya akiba yake, anaweza kuendesha feni ya wati 80 kwa takriban saa 7, zinazotosha kupuliza na kuendelea kutoa mvuke wakati rangi inakauka. Jenereta iwe mbali na upande ambao hewa inaingilia.

Masika huleta shida isiyohusu afya: tina inayokauka haraka huupoza uso wa modeli, unyevu wa hewa hutua juu yake, na rangi nyeusi hutoka na weupe kama wa majivu. Tina inayokauka polepole ndiyo hutibu.

Kabla ya kufungua kopo lolote la rangi, washa udi mbele ya sanduku. Moshi ukielekea kichujioni moja kwa moja, kazi iko sawa. Ukizunguka na kurudi, tafuta kizuizi kwenye bomba. Udi uzimwe kabisa baada ya hapo. Jaribio hilo lirudiwe kila kichujio kinapobadilika rangi, maana kichujio kilichojaa huiua feni nzuri kimya kimya. Na kabla ya kutoboa ukuta, toka nje uangalie bomba litapumulia wapi: kichujio hunasa chembe, mvuke unapita wote. Ikiwa jirani anaanika ndagala chini ya ukuta huo, hamisha tundu.