Chukudu ya Mbio Haihukumiwi kwa Rangi

Siku hizi fundi wa chukudu, ile skuta ya mti ya kubebea mizigo, anayetaka kusifiwa hapa Butembo, Kivu, hahitaji patasi kali. Anahitaji kopo la rangi. Majuzi vijana walishindana kushuka mlima, na chukudu iliyoshangiliwa kuliko zote ilikuwa na bendera, vioo viwili vya pikipiki na jina la mchezaji mpira ubavuni. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa linayumba upana wa kidole. Kijana mmoja akanivuta shati: "Papa, ona kazi ya fundi!" Nimeona. Ndiyo maana ninaandika.

Tuanze na mti. Magurudumu ni mumba, mwili ni mkaratusi, na hapo hakuna mjadala. Mkaratusi uliopasuliwa juzi utajikunja, na usukani utaanza kuvuta upande wenyewe. Walaghai huchukua mti laini, wakaupaka oili chafu ya gari mpaka ukawa mweusi, kisha wakauita mumba. Chukua msumari, kwaruza ndani ya tundu la katikati, mahali ambapo mnunuzi hatazami: oili haiingii mbali, na weupe utajitokeza. Tazama pia kiini cha mti. Kikiwa katikati ya gurudumu, jua litafungua ufa kutoka tunduni hadi ukingoni. Gurudumu hukatwa pembeni mwa kiini. Fundi akikuambia hilo si kitu, mwachie gurudumu lake.

Usukani usizidi mabega ya mwendeshaji. Usiniulize sababu, sukani pana nimeziona, na zote zilikuwa mbaya. Mahali pa goti pawekwe sapatu kuukuu, si sponji ya godoro, maana goti linalozama halisukumi. Rulma, yaani beringi, ni za mtu anayebeba makaa na viazi kutwa nzima. Katika mbio mimi nataka kusikia chuma kikizunguka ndani ya mti uliolishwa mafuta. Na chukudu ya mbio haipakwi rangi, kwa sababu rangi huficha nyufa, na asiyekuwa na ufa hana cha kuficha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mgeni halioni hata ukimshika kichwa ukamwinamisha: kiungo cha mpira kwenye gurudumu la nyuma.

Kila mtu anajua kwamba gurudumu la mti huvishwa mpira wa tairi la zamani na kupigiliwa misumari. Mgeni huuliza mpira ni mnene kiasi gani. Swali la mgeni. Mpira ni ukanda, na ukanda ukizungushwa, ncha zake mbili lazima zikutane mahali fulani. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Fundi mvivu hukata ncha zote mbili wima, akazigusanisha, akapiga misumari miwili, akaenda kula. Baada ya wiki chache mpira unanyauka, pengo linafunguka, na kila mzunguko unapiga ta, ta, ta. Kwa mwendo wa sokoni utavumilia. Kwenye mteremko, kila pigo linalegeza msumari wa jirani.

Fundi wa kweli huchonga ncha zote mbili kimshazari, moja ikalala juu ya nyingine bila kuinuka hata kwa unene wa ukucha. Vichwa vya misumari huzamishwa ndani ya mpira. Kisha huja swali ambalo nimewauliza mafundi wengi wa Butembo na Beni, na wengi wakanitazama kana kwamba nimelewa: ncha ya juu inatazama wapi? Breki ya chukudu ni kipande cha mpira ambacho mguu unakikandamiza juu ya gurudumu la nyuma. Ncha ya juu ikielekea upande ambao gurudumu linazungukia, itaikabili breki uso kwa uso, na siku moja breki itaingia chini yake na kuivua. Ikielekea nyuma, kila breki inailaza zaidi. Kazi ni ileile, mpira ni uleule, misumari ni ileile. Tofauti ni kugeuza gurudumu kabla ya kulitia chuma chake.

Namkumbuka mzee mmoja wa Butembo ambaye hakuruhusu chukudu itoke kwake kabla hajafumba macho na kuzungusha gurudumu la nyuma chini ya kidole gumba. Kidole kikikwama kwenye kiungo, aling'oa mpira wote na kuanza upya, mnunuzi amesimama, pesa mkononi. Nikamjua pia fundi mmoja wa Beni aliyejaza mapengo kwa gundi na vumbi la msumeno, akapaka masizi ya taa juu yake. Kwa jicho usingejua. Beni kuna tambarare zaidi, kwa hiyo uongo wake uliishi muda mrefu. Chukudu zake zilipofika kwenye vilima vya Butembo, mvua mbili zikatosha kuiondoa gundi.

Siku ya mbio, kule juu mlimani, kabla ya kushuka, usimtazame mwendeshaji. Tazama kilicho miguuni pa fundi wake. Nyundo, patasi, misumari, kipande cha mpira wa akiba, chupa ya mafuta: basi. Mwenye sanduku kubwa la vyombo hajaiamini kazi yake.

Chukudu ilizaliwa Kivu katika miaka ya 1970, maisha yalipokuwa magumu chini ya Mobutu, na iliundwa na watu waliojua kwamba ikivunjika, watoto hawali. Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, na ni haki yake. Lakini sanamu haishuki mlima, na vijana wanaiga dhahabu badala ya kazi. Zamani fundi aliingia msituni kuchagua mti wake, akaugonga, akausikiliza. Tangu mauaji ya raia yaanze eneo la Beni mwaka 2014, msitu si mahali pa kutembelea na shoka. Fundi anachukua mbao anazozikuta sokoni, na hilo simlaumu. Ila kiungo cha mpira hakihitaji msitu. Kinahitaji kisu kikali na nusu saa.

Kwa hiyo, ukitaka kununua au kusifu, iache rangi. Piga goti, tafuta kiungo, pitisha kidole gumba kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kutoka nyuma kwenda mbele. Kikikwama safari zote mbili, rudisha pesa zako mfukoni.