Bunduki, Nasaba na Bendera: Uundaji wa Dola Mpakani katika Tawasifu ya Tippu Tip

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, matini iliyochapishwa na Heinrich Brode mjini Berlin mnamo 1902 na 1903, husomwa zaidi kama kumbukumbu za mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Usomaji huo unaficha jambo la msingi. Tawasifu hii inasimulia pia jinsi dola inavyoundwa mpakani, mahali ambapo mamlaka ya Zanzibar yalikuwa hafifu na yale ya Ulaya hayajafika.

Katika vita dhidi ya Nsama wa Itawa, mwaka 1867, bunduki zinashinda upesi. Hata hivyo, ushindi huo unaleta mali tu; hauleti utawala wa kudumu. Hali inabadilika Utetera. Huko msimulizi anajitambulisha kuwa mjukuu wa mwanamke wa ukoo wa mtawala Kasongo Rushie, aliyetekwa vitani zamani. Kasongo anampokea kama jamaa na kumwachia nchi.

Dai hilo kwa kawaida huchukuliwa kuwa hila. Lakini kifasihi, swali lenye uzito zaidi linahusu kazi ya nasaba hiyo katika simulizi. Bunduki tayari zipo. Kinachokosekana ni uhalali unaoeleweka na wenyeji. Ndipo utekaji, ambao ndio jeraha la eneo zima, unapogeuzwa kuwa hati ya kutawala.

Mwaka 1887 uhalali huo unapata sura nyingine. Dola Huru ya Kongo ya Leopold II inamteua kuwa liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Watu ni walewale na silaha ni zilezile. Kilichoongezeka ni cheo na bendera. Mapatano hayo hayakuzuia vita vya 1892 hadi 1894, ambamo dola hiyohiyo iliuangamiza utawala huo, na Sefu, mwanawe, akauawa.

Udhaifu mkubwa wa ushahidi huu ni kwamba ridhaa ya Kasongo inasimuliwa na yule aliyefaidika nayo. Watetera wenyewe hawasemi ila kwa kinywa chake. Kwa hiyo, kuisifu matini hii kama kitangulizi cha tawasifu ya Kiswahili bila kuuhoji ukimya huo ni kuikubali hati ya umiliki kwa neno la mwenye kuishika.