Mwalimu wa Kwaya Anafundisha Nini?

Katika sharika zetu nyingi mwalimu wa kwaya hupimwa Jumapili. Wimbo ukitoka vizuri, sauti nne zikakaa pamoja, tunasema amefundisha. Kipimo hicho ni pungufu. Kinapima wimbo, wala hakiulizi waimbaji wamejifunza nini.

Wamisionari walituletea noti za solfa, zile do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi. Chimbuko lake ni kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza. Mchungaji John Curwen akaieneza kuanzia miaka ya 1840, ili watoto wa shule ya Jumapili na watu wasioweza kununua kinanda wasome muziki. Nia hiyo yastahili heshima. Kwa solfa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake leo tunaiita Mungu Ibariki Afrika. Ubao na chaki vilitosha.

Lakini solfa ilikuja pamoja na tuni za kigeni, na hapo ndipo penye shida. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Ulaya hukazia kwingine, nasi tunajikuta tukiimba "Mwokozi" mkazo ukiangukia "zi", tukidhani huo ndio uchaji. Mtoto anayelelewa hivyo anafundishwa, bila kuambiwa, kwamba lugha yake sharti ipindwe ikifika mlango wa kanisa.

Makumira, katika chuo cha theolojia cha Kilutheri karibu na Arusha, mmisionari Mmarekani Howard Olson alishika njia nyingine. Aliwahimiza wanafunzi walete tuni za kwao na kuzitungia maneno ya Kikristo. Mmoja wao, Bernard Kyamanywa, alitunga katika miaka ya 1960 wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya", ambao sasa umo hata katika vitabu vya nyimbo vya Marekani. Hapo mali ilikuwa ya mwanafunzi. Mwalimu alisaidia kuiandika na kuipeleka mbali. Sijui njia bora kuliko hiyo.

Siku hizi tuna simu. Mwalimu hutuma rekodi, kila mmoja hukariri sauti yake, na wimbo huiva kwa wiki mbili. Kujifunza kwa sikio si aibu: ngoma zetu zilirithishwa hivyo, pamoja na mapigo ambayo solfa huyaandika kwa taabu. Ila aliyejifunza kwa bibi yake alisahihishwa, na baadaye akaachiwa kuongeza la kwake. Rekodi haimsahihishi mtu. Ndiyo maana mwalimu akihamishwa, kwaya hubaki na nyimbo alizoziacha, na hakuna awezaye kuongeza hata mmoja. Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za kuimba kwa roho na kwa akili pia; hiyo akili tumeiacha kwa mtu mmoja.

Ningependa katika kila zoezi robo saa wapewe waimbaji wenyewe. Leo kijana wa besi asome mstari ubaoni na kuwafundisha wenzake. Wiki ijayo mama wa sauti ya pili alete tuni ya kijijini kwao, na wote watafute maneno yanayokaa juu yake. Wimbo wa Jumapili huenda ukachelewa, na katika mashindano ya kwaya ya jimbo tukashika nafasi ya nyuma mwaka huo.