Ufundi wa Dokezo

Mganga mfawidhi wetu alikuwa na jibu moja kwa kila wazo jipya: "Ratiba ni ratiba." Alilitoa bila kuinua macho kwenye makaratasi yake, na aliyesimama mbele yake alijua mazungumzo yamekwisha. Nilikuwa muuguzi mgeni katika kituo kile cha afya. Wazo langu lilikuwa kwamba kliniki ya watoto ihamie Alhamisi, siku ya gulio, kwa sababu siku hiyo akina mama wa vijiji vya mbali huja wenyewe, mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Jumanne tuliyoizoea iliwadai safari nzima kwa ajili yetu tu. Wengi hawakuja.

Nilimwendea na uchungu wangu wote. Nikamweleza habari ya huruma, habari ya watoto kulowa mvua njiani. Ratiba ni ratiba.

Aliyenifundisha ufundi huu ninaousifu leo alikuwa muuguzi mwenzangu, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Mwanangu, yule daktari anakosa usingizi kwa ajili ya nini?" Sikuwa na jibu. Nilijua vizuri kinachonikosesha mimi usingizi. Cha kwake sikuwahi kukiwaza.

Kumbe kilikuwa vichupa. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga ndani ya kichupa, na vichupa vyetu vilikuwa vya dozi 10. Ukishauchanganya na kimiminika chake una saa 6 tu, na kliniki ikifungwa mapema, kilichobaki hutupwa. Chanjo ya kifua kikuu ni vivyo hivyo, na kichupa chake kilikuwa cha dozi 20. Basi Jumanne wakija watoto watatu wa surua, muuguzi ana njia mbili, zote chungu: afungue kichupa na kumwaga dozi 7, au amwambie mama arudi wiki ijayo. Tukimwaga, mganga mfawidhi ndiye anayeulizwa na wilaya. Tukimrudisha mama mara mbili, mara ya tatu haji. Wazo langu lilikuwa dawa ya maradhi yake, nami nilikuwa nimempelekea kama dawa ya maradhi yangu.

Jumanne nane mfululizo tuliandika vichupa vilivyofunguliwa, watoto waliochanjwa na dozi zilizomwagwa. Kisha tukaandika dokezo la ukurasa mmoja. Huruma haikutajwa hata mara moja, ingawa ndiyo iliyotushikisha kalamu.

Florence Nightingale tunafundishwa jina lake kabla hatujashika sindano, na wengi humkumbuka kwa taa yake. Mimi namheshimu zaidi kwa namna alivyokabiliana na wakubwa wagumu. Novemba 1854, wakati wa vita vya Krimea, alifika na wauguzi 38 katika hospitali ya jeshi la Uingereza huko Scutari, ng'ambo ya Istanbul, na madaktari wa jeshi hawakuwataka. Akawazuia wauguzi wake wasimguse mgonjwa mpaka daktari aombe. Haukupita muda, majeruhi wa mapigano ya Inkerman wakamiminika, na madaktari wakaomba. Sijui subira nyingine ya kikazi iliyo nzito kuliko ile, kusimama na dawa mkononi ukingoja kuitwa. Na mwaka 1858, akitaka serikali ione kwamba maradhi yanayozuilika yaliua askari wengi kuliko majeraha, alichora vifo kwa rangi, mwezi kwa mwezi, ili mkubwa asiye na muda wa majedwali aelewe kwa kutupa jicho.

Wapo wanaouita ufundi huu kujikomba. Nakataa kwa moyo wote. Anayejikomba huficha ubaya wa jambo, na dokezo letu liliutaja: siku ya gulio pana kelele na msongamano, na muuguzi mmoja angelazimika kutolewa wodini. Mama alishikilia hilo. "Akiligundua mwenyewe," alisema, "hatakuamini tena hata ukimwambia mvua inanyesha."

Ikabaki kuchagua saa. Mwisho wa mwezi ripoti humkaba. Ijumaa mawazo yake yako nyumbani. Mbele ya watu ndiyo usithubutu, maana mtu mgumu akishakataa hadharani anaona haya kurudi nyuma. Tulingoja asubuhi tulivu, baada ya kuzungukia wodi, kabla ya chai ya saa nne.

Tarehe ya kuanza na muda wa mpango hatukuviandika. Nilitaka kuvijaza, mama akanizuia. "Mwachie pa kuweka mkono wake."

Daktari alisoma kimya. Akaagiza leja ya chanjo, akazihesabu mwenyewe zile Jumanne nane, moja baada ya nyingine, huku sisi tumesimama. Kisha akachukua kalamu, akaandika pembeni: "Naafiki. Kwa majaribio, miezi mitatu, kuanzia wiki ijayo." Akatwambia tumkumbushe kuomba kasha jingine la baridi, jambo ambalo sisi wawili hatukuwa tumeliwaza.

Majaribio yale hayajafutwa. Mama alistaafu, daktari akahamishwa, nami niko mkoa mwingine. Kliniki ya watoto pale ni Alhamisi hadi leo.